Kimya, Pumzi, Mlio

Saa saba na robo mchana, maji ya Tanganyika mbele ya Rumonge yaligawanyika rangi mbili: kijani karibu na ufuko, kijivu kule mbali, na mpaka kati yake umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Mwavita aliandika saa, kisha rangi. Hofu hakuiandika. Daftari halikuwa na safu ya hofu.

Mezani pake palikuwa na redio kubwa, betri ya gari, na waya uliopanda hadi ncha ya mlingoti. Kaskazini, Minago, alikaa Émérance na redio ndogo ya mkononi. Kusini, Kigwena, alikaa Nuhu na nyingine kama hiyo. Wawili hao waliutazama upepo kwa ajili ya boti zilizokuwa ziwani. Mwavita aliwasikiliza wao. Chaneli moja, midomo miwili, sikio moja.

Sauti ya Mwavita ilifika kote. Za wenzake zilikuwa dhaifu, na siku za radi maneno yao yalifika vipande vipande, kama sahani iliyoangukia saruji. Ndiyo maana waliacha maneno. Kila robo saa, kwa pamoja, anayeona upepo hubonyeza kitufe, anayeona shwari hunyamaza. Kimya: pote shwari. Pumzi moja safi ndani ya spika: upepo uko upande mmoja. Wakibonyeza wote, mawimbi yao hugongana na kutoa mlio mkali: upepo uko pande zote. Kisha Mwavita hurudisha kwa sauti kile alichosikia, kila mara, bila kuongeza neno. Hiyo ndiyo kanuni.

Siku tisa katika kumi, pande mbili zilifanana. Shwari huku, shwari kule. Tufani huku, tufani kule. Hewa ikiwa safi, asubuhi, palikuwa na nafasi hata ya utani.

"Kigwena, umelala?" aliuliza Émérance siku hiyo.

"Nalala namna gani, maman, na tumbili za pori zinaniimbia?"

"Zipe redio basi. Zitafanya muzuri kuliko weye."

Hayo yalikuwa ya asubuhi. Sasa radi zilikuwa zinatembea upande wa Congo, simu hazikuwa na mtandao, na katikati ya ziwa ilikuwamo boti ya Asmani, mume wa Mwavita, naye ana redio ya mkononi. Watu kumi na mmoja, yeye akiwa mmoja wao. Sauti yake ilifika mara ya mwisho saa saba na dakika ishirini na sita.

"Mawimbi iko makali, siwezi ingia Rumonge. Niambie, niende Minago ao Kigwena? Esanse iko ya njia moja tu."

Baada ya hapo, mkwaruzo.

Mlangoni alisimama Aziza, muuza ndagala, dagaa wa ziwa. Mwanawe Shafii alikuwa ndani ya boti ile.

"Mutoto wangu iko na bwana yako," alisema.

"Najua, mama Shafii. Ingia, kaa."

Hakukaa.

Saa saba na nusu: pumzi moja.

"Moja," alirudisha Mwavita.

Tazama lilivyofanya kazi neno hilo. Émérance alijua kama yeye alibonyeza au hakubonyeza. Basi aliposikia "moja", alijua na habari ya Nuhu. Nuhu vilevile alijua ya Émérance. Kaskazini walijua, kusini walijua. Asiyejua ni yule aliyetakiwa kusema. Ewe ziwa, uliwaambia wa pembeni ukamficha wa katikati.

"Ni nani?" aliuliza Mwavita. Wakajibu wote kwa pamoja: mlio. "Mmoja mmoja," alisema. Kila mmoja akamwachia mwenzake: kimya. Akauliza tena: mlio. Dakika nne za esanse, petroli ya Asmani, ziliungua kwa sababu ya adabu.

"Wanasema nini?" aliuliza Aziza.

"Bado."

"Sasa redio ni ya nini? Ya kupamba meza?"

Mwavita aliinamia daftari. Alikuwa anapima. Kama wote wawili wanajua jambo moja, hawana haja ya kupokezana. Waliseme wote pamoja. Kelele ya radi humeza mdomo mmoja kwa urahisi. Kumeza miwili kwa mara moja ni kazi.

"Sikilizeni. Upepo ukiwa Minago, bonyezeni wote mara mbili. Ukiwa Kigwena, wote mara tatu. Nikisema sasa. Sasa."

Mlio. Mlio. Mlio.

"Tatu. Asmani, Kigwena kubaya. Nenda Minago. Minago. Minago."

Hakuna jibu. Akaandika: imetumwa, haijathibitishwa.

Saa nane kasoro robo, pumzi. Saa nane kamili, pumzi. Kila pumzi ilimaanisha kwamba Minago bado kulikuwa shwari, na kila pumzi Mwavita aliirudisha kwa sauti ileile, kavu, kama karani anayesoma majina. Saa nane na robo, mlio.

"Mbili," alirudisha.

"Mbili ni nini?" aliuliza Aziza.

Angeweza kusema si kitu. "Upepo umefika Minago pia," alisema.

Saa nane na dakika thelathini na nane, vipande vya sauti ya Émérance vilipenya: boti, akasema, halafu mchanga.

"Kigwena, nyamaza. Minago, bonyeza mara moja kwa kila mutu aliyeshuka."

Pumzi. Pumzi. Mwavita alihesabu kwa sauti, kama kanuni inavyotaka. Zilipokoma, alikuwa amefika kumi.

"Rudia."

Kumi.

"Rudia."

Kumi.

Kelele humeza, haizai. Inaweza kula pumzi moja ikafanya kumi na moja kuwa kumi. Lakini kula moja, na moja tu, mara tatu mfululizo? Alilipima hilo, na jibu halikumpendeza. Idadi ilikuwa imefika; jina halikufika.

"Uliza Shafii," alisema Aziza nyuma yake. "Dada Mwavita, nakuomba. Anza na Shafii."

Aliyekosekana ni mmoja. Mbili kwa Shafii, yaani yupo, zingemwacha Asmani kwenye shaka. Tatu, yaani hayupo, zingemrudisha Asmani nyumbani. Mwavita aliliona hilo papo hapo, kama anavyoona jumla chini ya safu, na hakugeuka amtazame Aziza usoni.

"Minago. Shafii. Kama yupo, mara mbili. Kama hayupo, mara tatu."

Pumzi.

Pumzi.

Radi ilikwaruza, ikapita. Mkono wa Aziza ulikuwa begani kwake, na ulikuwa umeanza kulegea.

Saa tisa kasoro dakika nne: pumzi ya tatu.

Kelele haizai.

"Tatu," alirudisha Mwavita, kwa sauti.