Msoma Mita wa Mji wa Majitu

Mchoraji alikuwa amechora mashujaa thelathini na saba, na wote walikufa Jumatatu moja asubuhi mezani kwa bosi wake. Bosi aliwapitia mmoja baada ya mwingine kwenye skrini, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele. Kwa kila mmoja alisema neno lilelile: "Huyu nimeshamwona."

Mchoraji hakubishana naye, kwa sababu na yeye alikuwa ameshawaona.

Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi za nyumba, na harufu ya rangi ilipanda ngazi kabla ya wafanyakazi. Walikuwa watatu tu. Bosi alikuwa mdogo kwa Mchoraji kwa miaka mitano na hapo awali aliuza simu. Mwandishi wa programu walimwita Nukta, kwa sababu alikuwa anaongea kidogo na kila alichosema kilikuwa kimeisha. Kwa miaka miwili walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta ambao mchezaji anazunguka mji mkubwa wa mawe mlimani, mji uliojengwa na majitu kisha ukaachwa, na kazi yake ni kuuvumbua chumba kwa chumba. Mji ulikuwa tayari. Milango ilikuwa mirefu kama minara na ngazi zilimfika mtu kifuani. Kilichokosekana ni huyo mtu mwenyewe.

Nyumbani nako mambo hayakuwa shwari. Mchoraji aliishi na wazazi wake, na baba yake alikuwa amestaafu miezi minne iliyopita baada ya kusoma mita za maji za watu kwa miaka ishirini na minane. Tangu astaafu, kila siku saa moja asubuhi alivaa kofia yake, akatoka, akarudi saa nane mchana. Mama alidhani anafanya mazoezi ya kutembea na akamsifu. Kisha mwanamke mmoja wa mtaa wa tatu akapiga simu kuuliza, kwa heshima zote, kama ni kawaida mzee kupiga goti uani kwake wakati yeye anaanika nguo.

Mama alimwomba Mchoraji amfuate baba yake aone kuna nini. Mchoraji aliomba ruhusa kazini Jumatano, na Bosi alimpa upesi, maana hata hivyo hakukuwa na shujaa.

Alimfuata kwa mbali, akijibanza nyuma ya magari na marundo ya matofali. Aliona mambo ambayo hakuwahi kuyaona kwa miaka thelathini na mmoja ya kuwa binti wa mtu huyu. Baba alifika getini, akakohoa, akagonga mara tatu kwa kalamu, kisha akarudi nyuma hatua mbili ili mwenye nyumba amwone mzima. Mbwa alipokuja mbio, alimgeukia ubavu na kutazama kwingine, kama mtu anayesubiri foleni, mpaka mbwa akaona aibu. Alipiga goti la kushoto, akanyanyua mfuniko wa chuma kwa kulabu, akapangusa kioo kwa kidole gumba na kusoma tarakimu huku midomo ikicheza. Hakuandika kitu. Akanyanyuka, akashukuru, akaenda nyumba ya pili.

Kwenye mtaa wa nne alisimama bila kugeuka.

"Mama," alimwambia binti yake, kama alivyomwita tangu utotoni, "kama unanifuata, fuata upande wenye kivuli. Jua kali."

Basi wakaenda pamoja. Mchoraji alimuuliza anafanya nini. Baba alieleza kwamba kijana aliyempokea kazi anapiga picha mita kwa simu akiwa amesimama, na hilo si kosa, ndiyo dunia ilivyo. Yeye hamkagui mtu. Anapita tu kuwajulia hali.

"Kina nani?"

"Mita."

Mchoraji alikumbuka siku moja, akiwa darasa la tano, alipokuwa njiani na wenzake wakamwona mwanamume mmoja anakimbizwa na mbwa, mkoba kichwani. Wenzake walicheka na kuuliza ni nani yule. Yeye akasema hamjui. Hakuwahi kumwambia baba yake jambo hilo, na hata sasa hakumwambia. Alimuuliza tu kama kazi ile ilikuwa ngumu.

Baba alifikiria nyumba mbili nzima. Kisha akasema hapana, ila jambo moja lilimshangaza. "Miaka ishirini na minane nimesoma maji ya watu. Walionikaribisha glasi ya maji hawafiki kumi. Si kwamba ni wabaya. Hawakuwaza tu."

Mchana huohuo Mchoraji alirudi ofisini, akakaa na kalamu yake, asiinuke mpaka jua lilipohamia dirisha la pili. Alichora mzee mfupi wa kabila la watu wadogo waliokuwa wakiwatumikia majitu. Majitu yaliondoka, lakini hakuna aliyewaaga watu hao, kwa hiyo yeye anaendelea kuzunguka nyumba kwa nyumba kusoma maji, ili wenyewe wakirudi wakute hesabu zao ziko sawa. Alimpa kofia ya bati, buti za ngozi ya samaki, mkoba mzito begani kulia uliomfanya ainame kushoto, na kulabu ya chuma. Sikio lake moja lilikuwa kubwa kuliko jingine, kwa kuwa ukoo wake ulikuwa umetega sikio hilo kwenye mabomba ya mawe vizazi na vizazi, nalo likakubali kukua.

Bosi alimtazama muda mrefu. "Huyu sijamwona," alisema. Kisha akauliza, "Upanga wake uko wapi?"

"Hana."

"Anapigana na nani?"

"Mbwa."

"Anawapiga vipi?"

"Anasimama ubavu."

Bosi akamtazama Nukta. Nukta akasema, "Nitahitaji kumwona akitembea."

Mwendo ule alikuwa nao baba peke yake, na hapo ndipo ilipobidi aambiwe. Mchoraji alimwonyesha picha wakiwa mezani, baada ya kula. Baba aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akajishika sikio la kulia. "Hili ni langu," alisema. Mama alitoka chumbani kwenda kuchekea jikoni, na walimsikia vizuri tu. Mchoraji alianza kuomba radhi, lakini baba alikuwa anauliza ofisi yao inafunguliwa saa ngapi Jumamosi.

Jumamosi alikuja amevaa suti. Bosi na Nukta wakamwamkia, akaitikia marahaba, akavuliwa koti na kubandikwa mwili mzima vidoti vyeupe vya kuisaidia kompyuta kunakili mwendo wake. Walikuwa wamesogeza meza na kuweka kamera tatu. Nukta alimwomba atembee kawaida mpaka ukutani na kurudi. Baba akatembea kama bwana harusi. Wakarudia. Akatembea kama askari. Ilipofika mara ya kumi na saba, Bosi alikuwa amekaa chini na Mchoraji alikuwa anatazama dirishani ili asionane macho na baba yake.

"Mzee, jisikie huru," Bosi alisema.

"Niko huru," baba alijibu. "Lakini mtu hatembei tu, mwanangu. Anakwenda mahali." Akatazama dari, akatazama sakafu. "Mita ya jengo hili iko wapi?"

Hakuna aliyejua. Bosi alikuwa amepanga pale miaka mitano na hakujua kama ipo.

Baba akachukua kofia yake na kushuka ngazi akiwa na vidoti vyake, na mara hii aliinama kushoto. Nukta alinyakua kamera moja akamfuata. Mita ilikuwa nyuma ya duka la rangi, chini ya makopo matupu. Baba aliyaondoa moja moja, akapiga goti na suruali yake ya suti, akapangusa kioo. Mshale ulikuwa unazunguka. Akaagiza mabomba yote yafungwe. Duka lilikuwa limefungwa tangu jana yake, na juu ofisini Mchoraji alikagua kila koki, lakini mshale uliendelea kuzunguka taratibu kama mtu asiye na wasiwasi.

Baba aliomba bisibisi. Aliweka ncha ukutani, mpini sikioni, akaanza kuufuata ukuta hatua kwa hatua. Alipanda ngazi hivyohivyo, akapita mezani kwa Bosi bila kumwona, akaishia kwenye kachumba kalikokuwa na kompyuta kubwa iliyohifadhi kazi yao yote. Nyuma yake rangi ilikuwa imevimba na kuchubuka.

"Hapa," alisema.

Bosi alieleza kuwa hapo huwa pana unyevu tu, tangu zamani.

"Unyevu haupigi kelele," baba alisema.

Waliihamisha kompyuta siku hiyohiyo, kwa adabu zaidi kuliko kwa imani. Jumatatu fundi bomba alikuja, akaupiga ukuta nyundo mara mbili, na bomba lililooza likapasuka lote. Maji yaliwafika kwenye vifundo vya miguu. Bosi alisimama katikati ya kachumba, viatu mkononi, akitazama pale kompyuta ilipokuwa imekaa.

Nukta alikuwa amerekodi dakika arobaini. Aliwaonyesha zote, kisha akasema sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema pale: mchezo wenyewe ndio huo, mchezaji atege sikio ukutani, afuate sauti ya maji, na vyumba vilivyofichwa avipate hivyo, bila kupigana na mtu.

Bosi alikubali kila kitu isipokuwa umri. Watu wa kuusambaza mchezo walikuwa wamemwambia kwamba hakuna anayependa kuwa mzee, hata kwa kujifanya. Akataka shujaa awe na miaka ishirini na tano na nywele nyingi. Mchoraji hakugoma. Alimchora kijana kama alivyoagizwa, na Nukta akamvisha kijana huyo mwendo wa baba. Wote watatu wakatazama skrini. Kijana mzuri alifika getini, akakohoa, akarudi nyuma hatua mbili, akamgeukia mbwa ubavu.

"Anaonekana mwizi," Bosi alisema hatimaye. "Mrudishe mzee."

Kitu kimoja Mchoraji alikiongeza bila kumuuliza mtu. Katika nyumba moja tu, mbali upande wa juu wa mji, amebaki mtumishi mwingine wa majitu, kikongwe, ambaye, msoma mita akimaliza kazi, humletea glasi ya maji. Msoma mita anakunywa. Hapati nguvu wala alama. Mchezo ulipotoka, wachezaji kadhaa waliandika kulalamika kuwa glasi ile haifanyi chochote, huenda ni kosa la programu. Nukta aliwajibu wote: "Si kosa."

Haukuwa mchezo wa kutikisa dunia, lakini ulipendwa na watu wa kutosha hata Bosi akaanza kuzungumzia wa pili. Baba aliujaribu mara moja, akaona msoma mita anaacha mifuniko wazi nyuma yake, akakataa kuendelea mpaka kasoro hiyo irekebishwe. Ilirekebishwa. Hakuugusa tena.

Aliyeumaliza ni mama. Alicheza kila Jumapili alasiri kwa miezi mitatu, amekaa wima kwenye kochi, kidude cha kuchezea amekishika kwa mikono miwili kama kinataka kumtoroka, baba akiwa pembeni yake na gazeti. Siku aliyofika mtaa wa juu kabisa, nyumba za majitu zikiwa zimetanda chini yake mpaka upeo wa macho, aliacha kubonyeza kidude.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Kumbe ndiko ulikokuwa unakwenda."

Baba akashusha gazeti. Aliutazama mji wote kwa makini, mtaa baada ya mtaa.

"Si huko hasa," alisema. "Kwetu milango ilikuwa midogo."

Mama akamwambia asimsemeshe, yuko juu ya daraja.