Ufunguo Uliozikwa

Lango la mfereji liko upande wetu wa mpaka. Mashamba linayoyanywesha yako upande wao. Serikali zetu mbili ziliponuniana, sisi wakulima wa pande zote tukakaa katika darasa la shule, tukabishana mpaka makoo yakakauka, tukaafikiana: lango lifungwe kwa makufuli mawili, moja lao, moja letu. Kila Alhamisi tunafungua pamoja. Na atakayevunja kufuli la mwenzake, mapatano yamekufa.

Ufunguo wetu nilipewa mimi, kwa kuwa sina mbio za kutoroka nao. Wao walimpa bibi mwenzangu, tuliyemwita Bi Kufuli. Kila akifika langoni aliniuliza, "Bado hujafa?"

"Nikuachie maji uyaoge peke yako?"

Akatangulia yeye, usingizini.

Ufunguo aliufunga kiunoni kwa uzi, chini ya nguo, maana hakuwaamini hata wanawe. Waliomwosha waliuona, wakadhani ni siri yake, wakaona haya kuuliza. Wakamzika nao.

Alhamisi akaja mwanawe, fundi baiskeli, macho mekundu. Miche yao ya mpunga ilishaanza kuwa njano.

"Bibi, ufunguo umekwenda na mama. Na kaburi hatufukui."

"Msifukue. Ataamka anitukane."

Hakucheka. Hata mimi sikucheka, nilisema tu nisilie.

Mwenyekiti wetu, mwenye duka, akakohoa. "Makubaliano ni makubaliano. Hakuna ufunguo, hakuna maji."

Kijana mmoja wa kwetu akaokota jiwe. "Si tulivunje tu, yaishe?"

"Weka chini," nikamwambia. "Hilo si letu." Nikamgeukia fundi. "Baba, kufuli ni lenu. Msumeno wa chuma unao?"

Alikuwa nao mkobani. Akakata kufuli la mama yake polepole, kama anayeogopa kuliumiza. Lilipoanguka alilifuta vumbi, akalitia mfukoni. Nikafungua letu, maji yakaenda.

Jioni tukafunga. Langoni likabaki kufuli moja tu, letu. Fundi akalitazama. Nikavua ufunguo shingoni, nikamtia mkononi.

"Kaa nao mpaka ulete kufuli jipya."

"Bibi!" Mwenyekiti alitaka kupasuka. "Umewapa lango!"

"Lango si hilo hapo? Kama una wasiwasi nalo, lete mkeka ulale nalo."

Maneno yalikuwa ya ujasiri, lakini kila asubuhi nilikwenda mferejini, nikijidai natafuta kuni. Nilichungulia. Mkavu. Miche yao inalia kiu, ufunguo uko mfukoni mwake, na mfereji mkavu. Nikarudi nyumbani bila hata kijiti.

Alhamisi akaja na kufuli jipya. Ufunguo wangu aliutia uzi mpya, akanivisha shingoni mwenyewe, mbele ya wote. Kisha akaniuliza:

"Bado hujafa?"

Jibu nilikuwa nalo, la miaka yote. Nikainama, nikafungua upande wetu, nikamsubiri afungue wake.