Pua ya Daktari Grappin

Katika vilima vya Jura, kuanzia Arbois mpaka Château-Chalon, hapakuwa na mtengeneza mvinyo aliyefurahi kuliona gari la Léonce Grappin likiingia uani kwake, na hapakuwa na aliyethubutu kumfungia mlango. Léonce alikuwa daktari wa meno aliyestaafu, mkazi wa Poligny, mrefu, mikono safi muda wote, na pua ndefu ambayo watu waliitania walipokuwa na uhakika kwamba hayupo karibu. Pua hiyo ilikuwa haikosei. Akiinusa glasi mara moja alikuambia zabibu zimetoka upande gani wa kilima, kama mwaka ule mvua ilizidi, kama pipa lilikuwa jipya au la zamani. Alichosema Grappin Jumapili mezani, wenye mikahawa walikirudia Jumatatu walipokuwa wakiagiza mvinyo.

Ubaya ulikuwa kwenye ulimi. Mwaka mmoja alikwenda Beaujolais na kundi la marafiki. Mjane mmoja wa huko, aliyekuwa amemzika mumewe wakati wa baridi na kuvuna zabibu peke yake, alimmiminia mvinyo wake wa kwanza. Léonce aliunusa, akaumwaga kwenye chungu cha maua.

"Mumeo alifanya vizuri kufa mapema, mama," alisema. "Angalau hakuuonja huu."

Alisema kwa upole, kama alivyokuwa akimwambia mgonjwa kwamba jino halina dawa. Marafiki walicheka. Mkewe, Mauricette, alitoka nje akaenda kuwasha gari.

Mauricette ndiye aliyekuwa dereva wa safari zote. Waliposhuka Loire kwa ajili ya mvinyo mweupe na samaki wa mtoni, walipokwenda Lyon kula matumbo na soseji, walipofika mpaka Périgord kufuata maini ya bata, usukani ulikuwa wake. Kwa kuwa anaendesha, hakunywa. Alinusa, akaonja tone, akatema kwenye ndoo, akairudisha glasi mezani, na hakuna aliyemuuliza ameonaje. Nyumbani Léonce alikuwa na desturi ya kuupa upishi wa mkewe alama, kama mwalimu na daftari la mwanafunzi mzito: tisa juu ya ishirini, kumi juu ya ishirini. Siku za wageni alizitangaza alama hizo kwa sauti, na wageni wakacheka chakula chake kikiwa bado mdomoni mwao.

Kisha ukaja mwezi Januari ambao Léonce aliugua mafua makali. Alilala kitandani, akatoa jasho, akaweweseka. Alipoinuka homa ilikuwa imekwisha, lakini pua ilikuwa imekufa. Kahawa ilikuwa maji moto machungu. Mkate ulikuwa kitu laini cha kutafuna. Aliamini itapita, kama mafua mengine yanavyopita, na hakumwambia mtu.

Majira ya kuchipua yalipofika walikwenda na marafiki Chinon, kule Loire. Ndani ya ghala lililochimbwa kwenye mwamba Léonce aliingiza pua kwenye glasi, akavuta hewa, na hakupata kitu. Ilikuwa kama kuingiza uso kwenye dirisha lililo wazi. Alitazama nyuso za wenzake, akasoma karatasi ya chupa, akabuni maneno matatu ya kawaida, na kwa kuwa ni yeye aliyeyasema, wenzake walitikisa vichwa.

Mauricette aligundua kwa sababu ya maziwa. Aliyasahau jikoni yakaungua mpaka sufuria ikawa nyeusi, na Léonce alikuwa ameketi hatua chache kutoka mlango wa jiko akisoma gazeti, hakuinua hata kichwa. Mauricette alisimama pale akimtazama. Siku iliyofuata alinunua kipande cha jibini ya Munster iliyoiva, ile ambayo hata wenyewe wa Alsace huifunika kwa uvundo wake, akaifunga kwa kitambaa chepesi na kuitia ndani ya foronya ya mumewe. Léonce alilala juu yake vizuri sana. Asubuhi aliamka, akanyoosha mgongo, akauliza kama kuna siagi. Mauricette aliingia stoo, akafunga mlango, akacheka mpaka akaketi juu ya gunia la viazi.

Hakumwambia kwamba anajua. Kwa wiki nzima alimpikia ovyo, akamwekea mezani mvinyo wa kupikia uliokaa wazi jikoni, naye Léonce akanywa na kusema wa leo si mbaya. Akawa anasubiri aseme mwenyewe. Na siku moja, wakati wa kifungua kinywa, Léonce aliweka kisu chini akaanza kulia.

Alimweleza yote. Alisema hasikii harufu ya kitu chochote, hata ya sabuni, hata yake mwenyewe. Mauricette alimwacha aseme mpaka mwisho, akamuuliza tangu lini, akajifanya kushtuka palipostahili kushtuka. Kisha Léonce akaushika mkono wake.

"Wewe una pua, Mauricette," alisema. "Nimekuwa nikikuona miaka yote. Ukinusa unajua kabla yangu."

Mauricette ndiye aliyenisimulia haya, kwani tulikuwa majirani. Aliniambia kwamba mpaka asubuhi ile alidhani mumewe ni kipofu kwake tu, kama waume wengine walivyo. Kumbe alikuwa anaona. Aliona, akampa tisa juu ya ishirini.

Hata hivyo alikubali kumsaidia. Wangekaa pamoja, yeye kushoto kwa mumewe. Angenusa kwanza, kisha angejifanya anamfuta uchafu kwenye kola au anamnyooshea skafu, na kumnong'oneza maneno mawili matatu. Walijaribu njia hiyo Alsace, kwa watengenezaji wa mvinyo mweupe wanaojulikana kwa ukali wao, na ilikwenda vizuri kupita matarajio. Léonce alitoa maneno ambayo hata wenyeji hawakuwahi kuyasikia kuhusu mvinyo wao. Mzee mmoja wa Riquewihr alimbusu mashavu yote mawili. Habari zilirudi Jura kabla yao: Grappin amezeeka, lakini pua ndiyo kwanza inanolewa.

Na Léonce alianza kuziamini sifa hizo. Walipokuwa njiani kurudi, akiwa ameegemeza kichwa kwenye kiti, alimwambia mkewe kwamba kwenye ile chupa ya tatu alikuwa amekosea.

"Umesema pichi," alisema. "Ilikuwa wazi kabisa kwamba ni aprikoti. Uwe makini siku nyingine."

Mauricette aliendelea kutazama barabara, akajibu kwamba atakuwa makini.

Mwezi wa Septemba, kabla ya mavuno, Théobald Jeunet wa Arbois aliwaalika watu chakula cha mchana. Théobald alikuwa mtengeneza mvinyo, mnene, mcheshi, na miaka kadhaa nyuma Léonce alikuwa amesema mbele ya wanunuzi wake kwamba mvinyo wake unafaa kuoshea miguu ya farasi. Théobald alicheka siku ile pamoja na wote, na hakusahau. Meza ilitandikwa uani. Walikuwepo wenye mikahawa, mke wa meya, mwandishi wa gazeti la mkoa. Walikula kuku aliyepikwa kwa mvinyo wa njano na uyoga wa msituni, na Léonce, aliyeusikia mchuzi ule kama uji wenye chumvi, aliusifia kwa maneno ya mkewe.

Chupa tatu zilipita bila kosa. Kila mmoja alikuwa amechangamka. Théobald aligeuka upande wa Mauricette.

"Na wewe shemeji? Hatujawahi kukusikia. Unasemaje kuhusu huu?"

Mauricette alifungua mdomo. Alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri.

"Huyo muulizeni habari za petroli," Léonce alimkatiza. "Mvinyo na siki kwake ni mamoja. Namleta kwa sababu anajua kurudisha gari kinyumenyume."

Meza nzima ilicheka. Mauricette naye alicheka, akakunja kitambaa chake, akakiweka pembeni ya sahani.

Chupa ya nne ilikuwa ya zamani, Théobald aliitoa kwa madaha. Lakini kizibo kilikuwa kimeoza, na mvinyo ulinuka kama katoni iliyolowa kwenye ghala la chini. Kila aliyeinua glasi alisikia harufu ile, na kila mmoja aliishusha akisubiri Grappin amshukie mwenye nyumba. Théobald mwenyewe alikuwa ameshaanza kuona haya usoni. Mauricette alinusa. Akainama, akamfuta mumewe chembe ya mkate begani.

"Lozi," alimnong'oneza. "Bizari, asali ya msituni. Haujapata kutokea mwingine kama huu."

Léonce alisimama. Aliinua glasi kwenye jua. Aliongea juu ya lozi, juu ya bizari, juu ya asali ya nyuki wa msituni, akasema kwamba ameishi maisha yake yote akiusubiri mvinyo huu, na kwamba asiyeusikia utamu wake akajipange upya. Hakuna aliyecheka bado. Mwandishi wa gazeti alitazama sahani yake. Théobald alimtazama Mauricette, na Mauricette hakuyakwepa macho yake.

Théobald hakuwa mjinga. Aliingia jikoni, akamimina mvinyo uleule ndani ya jagi, akarudi.

"Huu ni mwingine, Daktari. Wa kaka yangu. Niambie ukweli, usinionee haya."

Mauricette alinong'ona, na Léonce akasema: waridi, pilipili manga, ngozi ya viatu vipya. Mke wa meya alijiziba mdomo kwa kitambaa. Théobald alirudi jikoni, akakamua kitambaa cha kuoshea vyombo ndani ya glasi safi, akaongeza mvinyo juu yake, akauleta. Mauricette aliona mafuta yakielea. Alimnong'oneza mumewe: moshi, na tini. Léonce alikunywa mpaka chini, akapangusa midomo, akasema moshi, na tini.

Ndipo walipolipuka. Walicheka mpaka glasi zikaanguka, mwenye mkahawa mmoja akashuka kitini, na Léonce akasimama katikati yao akitabasamu kwa muda, akidhani ni furaha, kabla ya kuanza kutazama uso mmoja baada ya mwingine. Théobald alimweleza kwa utaratibu alichokuwa amekunywa, akatamka kila kitu polepole ili wa mwisho wa meza nao wasikie.

Njiani kurudi, walipokaribia Poligny, Léonce alimgeukia mkewe.

"Ulikosea?" aliuliza.

"Nilikosea," Mauricette alisema. "Si unajua, mimi ni mtu wa petroli."

Baada ya siku ile simu ilinyamaza. Wenye mikahawa walipokutana naye sokoni walimuuliza, kwa heshima kubwa, kama leo amepata tini. Léonce aliacha kutoka. Hakumfukuza mkewe wala hakumpigia kelele. Hakuwa na mwingine wa kumwambia kama nyama imeharibika au kama gesi inavuja.

Katika hospitali ya Besançon walimpa vichupa vinne vidogo vya rangi ya kahawia, vyenye mafuta ya waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Alitakiwa kuvinusa asubuhi na jioni, akikumbuka kila harufu, kwa miezi. Daktari alisema mishipa ya pua huweza kujifunza upya, na kwamba kuna wanaopona. Léonce alivipanga dirishani na kufanya kama alivyoelekezwa, amefumba macho, kama mtu anayesali.

Kabla ya Krismasi alimwita Mauricette. Uso wake ulikuwa umefunguka. Alisema kwamba kwenye limau kuna kitu, kwa mbali sana, kama mtu anayepita nyumba ya tatu. Mauricette alimshika bega, akamwambia asikate tamaa.

Mchana ule, Léonce alipolala, Mauricette alivichukua vichupa vyote, akavimwaga, akaviosha kwa maji moto na sabuni mpaka visibaki na harufu hata kwa pua yake, akavijaza maji ya bomba. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kwamba alikuwa ameanza kuyazoea maisha vile yalivyo.

Asubuhi iliyofuata limau lilikuwa limepotea. Léonce alilia, akaendelea. Majira yote ya baridi alinusa maji, asubuhi na jioni, na Mauricette akawa anamletea kahawa na kumuuliza vipi leo. Alikuwa mpole kwake siku hizo. Waliokuwa wakipita waliona mume na mke wazee dirishani, wanafaa kuchorwa.

Mwezi Mei, akiwa amekonda, Léonce alifungua kichupa cha tatu, akavuta. Akavuta tena. Kisha akapiga kelele moja fupi.

"Karafuu," alisema. "Mauricette, ni karafuu. Naisikia."

Mauricette alikipokea kichupa, akakinusa. Maji ya bomba.

"Ni karafuu," alisema. "Hongera, mume wangu."

Léonce alimkumbatia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Alisema sasa atawaonyesha. Atawaalika wote, Théobald wa kwanza, hapahapa nyumbani kwake, na safari hii hatahitaji mtu wa kumnong'oneza. Mauricette atakaa upande wa pili wa meza, apumzike. Alimwomba awapigie simu, kwani yeye alikuwa ameshaanza kupanga glasi.

Mauricette aliwapigia mmoja mmoja mchana uleule. Wote walikubali kuja. Théobald aliuliza kama anaweza kuleta mvinyo.