Skafu Moja, Shingo Mbili

Nilikuwa nimeshakata shauri: mbuzi wote nauza. Theluji ya mwaka ule iliniulia themanini, magoti yangu yamechoka kupanda milima ya Kharnak, na mnunuzi wa mjini Leh alikuwa anangoja simu yangu tu aje na lori. Mwanangu Rigzin akanuna.

"Kabla hujauza, mama, twende mjini Srinagar ukaone manyoya yako yanakoishia."

"Miaka hamsini nachana mbuzi manyoya. Manyoya ni manyoya!"

Lakini mbishi huyo, kanirithi mimi. Tukaenda.

Tulifikia kwa Zooni, mjane anayesokota nyuzi za manyoya ya kwetu. Akanipa chai ya chumvi.

"Mbona haina siagi?" nikamuuliza.

"Mbona wewe una maneno, dada?"

Tukacheka, tukawa marafiki hapo hapo.

Rigzin akamwaga furushi letu la manyoya, limejaa vumbi na vinyesi. Nikaona aibu. Zooni hata hakukunja uso. Siku tatu nzima aliketi akitoa nywele ngumu moja moja, akabakiza yale manyoya laini ya ndani, akayanyunyizia unga wa mchele yapate kung'aa. Siku ya nne akazungusha gurudumu lake la kusokotea.

"Uzi uko wapi?" nikauliza.

"Unautazama."

"Sioni kitu."

Akatandika kitambaa cheusi chini ya mkono wake, ndipo nikauona. Loo! Niliogopa hata kupumua. Mbuzi yule yule anayenipiga pembe na kukojolea viatu vyangu, ndiye katoa kitu kile!

"Hivi mnapomchana hutulia?" Zooni akauliza. Kumbe hajawahi kumwona mbuzi wetu hata mmoja.

"Atulie wapi! Tunamlaza, tunamfunga miguu. Wa kubembeleza ni yule anayekataa mtoto wake. Huyo tunamwimbia mpaka ampe ziwa."

"Niimbie basi."

Sauti yangu mbovu, lakini niliimba. Gurudumu likapunguza mwendo, likafuata wimbo.

Mchana shemeji yake Gulzar, mfumaji, akaleta skafu iliyokwisha kufumwa, ya manyoya ya malisho yetu ya mwaka jana. Ilikuwa iondoke siku ile ile kwenda kwa mteja. Akaniwekea mikononi. Nakwambia, sikusikia uzito wowote, nilisikia joto tu.

"Ivae," Zooni akasema.

"Mimi? Sijavaa hii maisha yangu yote. Sisi ni sufu ya kondoo tu."

Zooni akaigusa ncha yake. "Hata mimi sijawahi. Miaka arobaini nasokota."

Tukatazamana. Gulzar akachungulia mlangoni.

"Fanyeni haraka, nyie mabibi, kabla tajiri wangu hajaja kuichukua. Mkiidondoshea chai nitawafuma nyinyi!"

Zooni akajizungushia ncha moja, mimi nyingine, mashavu yetu yakagusana. Niliwaza themanini waliokufa, na wale waliobaki wakinisubiri kule juu, nikalia bila kuona haya. Naye alikuwa analia.

Simu ya Rigzin ikaita. Akaisikiliza, uso ukamshuka.

"Mnunuzi huyo. Anauliza alete lori lini."

Nikaichukua, skafu ingali shingoni. "Lori lako libaki huko huko, baba. Siuzi hata mmoja."

Rigzin akanikodolea macho. "Na magoti, mama?"

"Magoti yangu ni wewe. Kesho asubuhi tunarudi."