Mwavuli Juu ya Kiota

Mjukuu wangu, ambaye kwa utani namwita mume wangu, ni mtazama ndege. Jumamosi alinichukua hadi bustani ya mjini, ati nikanyooshe miguu. Ziwa lenyewe lilikuwa na utando wa kijani kama kamasi la mtoto, vipande vya mkate vimevimba juu yake, na bata wanavila bila haya.

Kwenye miti tukawakuta wenzake na makamera yao na vigoda vyao, wamevaa rangi ya majani kama majambazi wa msituni. Kwenye tawi la chini palikuwa na kiota kidogo kama kikombe cha kahawa, ndani yake makinda mawili hayana hata unyoya, midomo wazi.

"Majani yanatuziba," alisema mmoja huku anatafuna yai la kuchemsha. Yai! Mbele ya kiota!

Mume wangu akatoa mkasi wa maua, akaanza kuyanyoa majani.

"Mume wangu, unawavua wenzio nguo?"

"Tunasafisha tu, bibi. Ndivyo tunavyofanya wote."

"Na yule?" Nilimwonyesha kunguru juu ya nguzo ya taa, kichwa upande, kama mpangaji anayechungulia sufuria ya jirani.

"Dakika tano tu, bibi."

Mama wa makinda alikuja na mdudu mdomoni, akaona umati, akageuka. Akaja tena, akageuka. Kunguru yeye hakuona haya. Alishuka, akanyakua kinda moja kwa shingo. Kunguru simlaumu, yule anatafuta riziki. Lakini hakuna mtu aliyesema hata "shii!" Kamera tu, ta-ta-ta-ta.

"Umeipata?"

"Nimeipata! Mpaka utumbo unaonekana!"

Yule wa yai akalamba vidole.

Kunguru akarudi kwenye nguzo kupangusa mdomo. Kinda la pili likabaki linahema juani, na wale watu wazima wakasogea karibu zaidi, wasikose la pili.

Nikainuka kwenye kigoda walichonipa. Nikautundika mwavuli wangu juu ya kiota, nikasimama chini yake, nikaanza kupandisha gauni.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Nimebanwa. Endeleeni kupiga, mimi sina neno."

Walivyotawanyika! Vigoda vikapinduka, yule wa yai akapaliwa. Mjukuu wangu pekee akabaki, amenipa mgongo.

"Umeniaibisha mbele ya watu, bibi."

"Kumbe aibu unaijua! Basi simama hapo hapo, asirudi mtu."

Nikachuchumaa mpaka magoti yakalia. Kunguru alishuka mara moja, nikamtupia kiatu, akaenda zake majalalani. Mama mtu akaja, akasita, akaingia chini ya mwavuli. Nikalisikia kinda linapiga kelele za kula.

"Bibi, umemaliza?"

"Bado," nikamwambia, na wala sikuwa nimeanza.