Picha Zilizokwama Kiplombe

Tangu aolewe Kiplombe, Musimbi hakuwahi kumwona mama mkwe wake akikasirikia kitu vile alivyoikasirikia simu yake Jumamosi hiyo.

"Picha hazipandi," Mama Cherono alisema, akiisukuma simu kando ya chupa ya chai. "Zimesimama tu. Hii simu ikiharibika, zote zinaenda nayo."

Musimbi aliichukua. Kila picha mpya ilikuwa imeandikwa kwamba inasubiri. Nafasi ya kuhifadhi mtandaoni ilikuwepo, na akaunti ilikuwa sawa. Akazima waifai, akatumia bando. Picha moja ikapanda papo hapo. Aliporudisha waifai, ya pili ikakwama.

"Mama, simu yako haina shida. Shida iko kwa waifai."

"Si hiyo ni kazi ya Kipkirui?"

Musimbi akaingia kwenye mipangilio ya rauta. Huko ndani kulikuwa na firewall, ile kinga inayoamua nini kipite na nini kizuiwe, na kuna mtu alikuwa ameifunga njia ya picha. Akamwita mume wake kutoka kwa zizi. Kipkirui akasimama mlangoni, gambuti zimejaa matope.

"Nilikuwa naangalia mpira mtandaoni, unakatakata," alisema polepole. "Nikaona hizo picha ndizo zinamaliza spidi. Halafu nikasahau kufungua."

"Kwa hivyo ulinifungia mimi ndio uone mpira?" Mama Cherono aliuliza, lakini alikuwa ameshaanza kucheka. Kipkirui akarudi kwa ng'ombe haraka kabla mama yake hajabadilisha nia.

Musimbi akaondoa kizuizi. Picha zikaanza kupanda: ndama, mahindi, ndama tena. Kisha akajiona. Hapa anakamua, uso umekunjamana kwa woga. Pale amesinzia kwenye kiti, mdomo wazi. Kwingine anacheka na jirani, amevaa sweta ya kijani.

"Mama! Ulinipiga hizi lini?"

Mama Cherono akaangalia dirishani. "Binti yangu Sarah ndiye alinitengenezea albamu ya mtandaoni. Zikishapanda, mama yako anaziona huko Vihiga. Mtoto wa mtu yuko kwangu. Lazima ajue unakula."

Musimbi alitaka kushukuru. Kabla hajapata neno, simu yake ikalia. Alikuwa mama yake.

"Wiki mbili sijaona kitu! Nikafikiri mmekosana huko. Na hiyo sweta, ni nani alikufumia?"

"Ni Mama."

"Mama gani?"

"Mama wa hapa."

"Hebu nipe niongee na yeye."

Mama Cherono aliipokea simu kwa mikono miwili, akatoka nayo uani akiongea kwa sauti ya juu, kana kwamba Vihiga ni shamba la jirani. Musimbi alimsikia akieleza habari ya kukamua, halafu akicheka mpaka akakohoa.