Sahihi ya Mwenzangu

Katika nyumba ile ya masista kulikuwa na desturi moja isiyoandikwa popote, lakini ole wake atakayeiruka. Sista akifikisha yubilei ya dhahabu, siku moja kabla ya misa, baada ya chakula cha mchana, Mama Mkuu hufungua kabati la chuma na kumkabidhi karatasi ya ahadi ambayo sista huyo aliiandika kwa mkono wake na kuitia sahihi siku ya nadhiri za daima. Kesho yake huisoma upya mbele ya wageni, maneno yaleyale. Miaka hamsini karatasi hukaa ndani ya bahasha na hakuna anayeichungulia. Kabati lile hata panya wanaliheshimu.

Mwaka huo wenye yubilei walikuwa wawili. Wa kwanza ni Sista Jembe, mtunza bustani, mfupi, mwenye viganja vigumu na kicheko cha kufukuza ndege. Wa pili ni Sista Kamusi, mrefu kama mlingoti, mwalimu wa lugha aliyestaafu kufundisha lakini hakustaafu kusahihisha. Alisahihisha matangazo ya kanisani, alisahihisha barua za askofu, na siku moja alisahihisha msalaba wa kaburi huku wafiwa wangali wanalia. Hakuna aliyewahi kumkamata na kosa, na Jembe alikuwa amejaribu sana.

Kamusi akafungua bahasha yake palepale mezani. Akavaa miwani, akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Uso ukamparama.

"Hii sahihi ni ya nani?" akauliza.

Jembe akanyoosha shingo. Juu ya karatasi palikuwa na mwandiko wa Kamusi, herufi zimejipanga kama watoto wa shule mstarini. Chini palikuwa na sahihi iliyotambaa kama mche wa maboga, na mche huo aliufahamu, maana ulikuwa wake. Akaichana bahasha yake mwenyewe upesi. Juu mwandiko wake, chini sahihi maridadi ya Kamusi, na kistari kimepigwa kwa rula.

Siku ile ya nadhiri karatasi zilikuwa zimelazwa altareni bega kwa bega, na kila bibi arusi wa Bwana alitia sahihi kwenye ahadi ya mwenzake. Hakuna aliyegutuka, si askofu, si mama walezi, si mashahidi.

"Makubwa!" Jembe akasema, akaangua kicheko. Meza nzima ikafuata. Mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini, akaambiwa, akalazimika kukaa. Kamusi peke yake hakucheka. Alikunja kitambaa chake cha mezani mara nne, akaenda chumbani, akajifungia kwa ufunguo.

Mama Mkuu, ambaye wawili hao walimpokea akiwa binti wa miaka kumi na tisa, akampigia simu padri mtaalamu wa sheria za Kanisa. Padri alicheka mpaka akapaliwa, kisha akasema nadhiri ni neno lililotamkwa mbele ya mashahidi, karatasi ni kumbukumbu tu. Masista ni masista, na kesho misa iendelee. Mama Mkuu akaupeleka ujumbe mlangoni mbio mbio.

"Padri huyo nilimfundisha darasa la tano," sauti ikajibu kutoka ndani. "Hata nukta alikuwa haweki."

"Lakini Sista, ndiyo sheria."

"Karatasi yangu haina sahihi yangu. Siwezi kusimama mbele ya watu nikasema miaka hamsini. Msherehekeeni Jembe."

Mama Mkuu akarudi nyuma, akashika kichwa. Ndugu za Kamusi walikuwa wameshaanza safari. Keki ilikuwa imeshaandikwa majina mawili. Akamtazama Jembe, naye Jembe akajua kwamba mzigo umemwangukia yeye.

Hapo ndipo kicheko kilipomkauka. Alimjua mwenzake: akisema hapana, huivuti hapana hiyo hata kwa trekta. Na Jembe hakutaka yubilei ya peke yake. Alishangaa kujikuta hataki, maana mara ngapi ameomba Mungu ampe walau siku moja bila Kamusi? Sasa siku yenyewe inakuja, naye anatafuta namna ya kuizuia.

Akaleta kigoda chake cha kupalilia, akaketi mlangoni.

"Mwenzangu, fungua."

"Nimelala."

"Aliyelala hajibu."

Jembe akajaribu njia nyingine.

"Mimi siku ile nilikuwa nalia, sikuona altare wala askofu. Wewe macho yalikuwa makavu. Ulikoseaje?"

Kitanda kikalia. Kisha sauti ikatoka, ndogo, si ya mwalimu hata kidogo.

"Mpiga picha alitubadilisha nafasi. Mrefu huku, mfupi kule. Karatasi zikabaki palepale."

"Sasa si ungesoma jina?"

"Nilikuwa nimevua miwani."

"Kwa nini?"

"Nilitaka nitokee vizuri kwenye picha."

Jembe akauma shela yake asicheke. Akafumba macho, akamwomba Mama Bikira msaada, lakini wapi, kicheko kikamponyoka puani.

"Siku ya nadhiri ya ufukara!"

"Cheka tu. Ndiyo maana sifungui."

Jembe akajipangusa machozi. Alijua kwamba kumcheka mtu mpaka atoke chumbani haiwezekani, ila kuna jambo moja hakuwahi kumwambia yeyote zaidi ya padri wa kitubio. Akalisogeza kinywani, likamkwama, akalitoa hivyohivyo.

"Basi na mimi nikwambie langu. Mwaka wa kumi na moja nilifunga sanduku. Nikafika mpaka getini."

Ndani nyayo zikasogea mlangoni.

"Sababu ilikuwa wewe," Jembe akaendelea. "Ulinisahihisha nikisoma somo, katikati ya misa, kanisa limejaa. Nilisema simvumilii tena mwanamke huyu, naondoka. Nimeshika komeo la geti, nikawaza: lakini nimetia sahihi. Sahihi yangu niliitia altareni. Nikarudi." Akavuta pumzi. "Kumbe sahihi yenyewe ilikuwa chini ya jina lako. Niliyekuwa namkimbia ni wewe, na aliyenirudisha ni wewe. Sasa ukinikimbia wewe kesho, mimi nimebaki kwa ajili ya nini?"

Kitasa hakikuzunguka. Jembe akaona amemaliza maneno yake yote ya ulimwengu. Akaanza kunyanyuka, magoti yakamlia.

"Nilikuona," Kamusi akasema nyuma ya mlango.

"Uliniona wapi?"

"Getini. Nilikuwa dirishani. Nilijua ni kwa sababu yangu. Nilitaka kukuita, kiburi kikanizuia. Uliporudi nilipiga magoti nikamshukuru Mungu saa nzima."

"Na kesho yake ukanisahihisha tena!"

"Ulikuwa umekosea."

Ufunguo ukazunguka. Walitazamana, mmoja juu mmoja chini, macho mekundu wote wawili, na hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake. Mwishowe Jembe akasema chai inapoa, wakaenda kunywa chai.

Asubuhi kanisa lilijaa mpaka barazani. Kwa ushauri wa padri, Mama Mkuu aliweka altareni karatasi zote mbili na kalamu kando yake: kila mmoja aikate kwa mstari sahihi iliyopotea njia, kisha atie yake mahali pake. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Kamusi. Akapanda, miwani usoni, mgongo umenyooka, akashika kalamu.

Jembe akaikodolea macho kalamu ile. Kweli makosa hukatwa, ndiyo kazi aliyoifanya mwenzake maisha yote, na kwa haki. Lakini aliutazama ule mche wake wa maboga uliokaa miaka hamsini chini ya jina zuri vile, akajisikia kama anayetolewa nyumbani.

Kamusi aliisoma karatasi yote, taratibu, toka neno la kwanza hadi sahihi. Waimbaji wakaishiwa beti. Kisha akafunika kalamu, akamrudishia Mama Mkuu.

"Iko sawa," alisema.

Neno hilo Jembe hakuwahi kulisikia likitoka katika kinywa kile. Ilipofika zamu yake, hakuweza kusoma hata mstari mmoja kwa machozi.